Miguu ya Bibi Kija

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, Bibi Kija alikuwa ameshafagia uwanja, ameshakamua ng'ombe wake na ameshagombana na ndama. Ndama huyo alikuwa dume jekundu lenye kichwa kigumu. Mlango wa zizi ukiachwa wazi kidogo tu, alitoka mbio kwenda kwenye choroko za Bibi, na Bibi naye alitoka mbio nyuma yake. Watu wa mtaa ule wa pembezoni mwa mji wa Bariadi walikuwa wanasema kwamba hawajawahi kumwona ndama akishinda.

"Milembe!" Bibi aliita. "Amka, jua lisije likakuchapa kitandani!"

Milembe alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wenzake wote wa darasa la sita. Aliishi na bibi yake kwa sababu mama yake alikuwa Lamadi, kando ya ziwa, akianika na kuuza dagaa, na alirudi nyumbani kila alipopata nafasi. Alinawa uso, akavaa sare, akanywa chai ya maziwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa.

"Bibi, nakwenda."

"Nenda mjukuu wangu. Kasome mpaka ubongo utoke jasho!"

Milembe alikwenda kweli, lakini hakufika shuleni. Alipofika kwenye ghala la pamba alikata kona, akazunguka nyuma ya ukuta, akakaa kivulini pamoja na mbuzi wa watu mpaka saa za kutoka shule. Alikuwa amefanya hivyo wiki nzima. Mbuzi walikuwa wameshamzoea, na mmoja alikuwa amekula kona ya begi lake.

Sababu ilikuwa hii. Kwa kuwa alikuwa mrefu, Milembe alikalishwa dawati la mwisho kabisa. Kutoka kule nyuma, maandishi ya ubaoni aliyaona kama sisimizi waliomwagikiwa maji. Muda mrefu alikuwa akinakili kutoka kwa jirani yake, na mambo yakaenda. Siku moja Mwalimu Ngassa alimsimamisha ghafla asome sentensi iliyoandikwa ubaoni: "Pamba ni dhahabu nyeupe." Milembe alikaza macho, akakunja uso, akabahatisha. Kwa sauti kubwa akasoma, "Punda ni baba wa nyuki."

Darasa zima liliangua kicheko. Hata Mwalimu Ngassa, akidhani ni mzaha, alishindwa kujizuia. Tangu siku hiyo Milembe akipita, wenzake walivuma, "Zzzzz! Shikamoo, Baba wa Nyuki!" Milembe aliona heri kukaa na mbuzi, maana mbuzi hawana majina ya utani.

Mchana, hata hivyo, hakukosa kwenda kwenye kituo cha Mwana wa Wote. Kituo hicho kilianzishwa na wazazi wa mtaani waliochoka kuona watoto wakiacha shule mmoja baada ya mwingine, huyu kwenda kuchunga, yule kuzurura stendi. Watoto walikunywa uji, wakasaidiwa masomo. Mzazi aliyekwama alifundishwa kushona au kufuga kuku, kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, huwezi kumnyanyua mtoto ukaiacha kaya yake imelala. Milembe alipapenda pale. Walisoma wachache wachache, kitabu kikiwa mbele ya pua, na mbele ya pua yake Milembe alikuwa hodari.

Msimamizi wa kituo alikuwa Dada Eufrasia, aliyehamia karibuni kutoka Maswa. Huruma ya Dada Eufrasia ilikuwa ya kutisha. Ukimwambia una kiu, anaanza kukuchimbia kisima.

Siku hiyo alimwita Milembe pembeni. "Mwalimu Ngassa amenipigia simu. Anasema huonekani shuleni. Kuna nini, mdogo wangu?"

Milembe alifungua kinywa aseme ukweli. Ukweli ulifika mpaka kooni, ukaona aibu, ukarudi. Kikatoka kitu kingine.

"Bibi anaumwa."

"Maskini! Anaumwa nini?"

Milembe alikuwa amejiandaa kwa swali la kwanza tu, kama waongo wengi. Aliinamisha kichwa, akaona miguu yake mwenyewe.

"Miguu."

"Inamuuma sana?"

"Haiumi. Haiendi."

Dada Eufrasia alishika kifua. "Haiendi! Yote miwili?"

"Yote, dada."

"Basi ndiyo maana! Unabaki nyumbani kumhudumia! Mtoto mdogo hivi!" Machozi yalimlengalenga. Palepale akamfungia Milembe mfuko wa unga wa lishe ampelekee mgonjwa.

Nyumbani Bibi aliupokea mfuko kwa mikono miwili. "Huu wa nini?"

"Ni… zawadi," Milembe alisema. "Kwa wanafunzi wanaofanya vizuri."

Bibi alipiga kigelegele kilichowarusha kuku, akaenda mbio kwa majirani kutangaza kwamba mjukuu wake anaongoza shule nzima. Milembe alibaki mlangoni, amelowa jasho. Kituoni, Bibi hakuweza kusimama. Nyumbani, Milembe alikuwa wa kwanza darasani. Uongo mmoja ulielekea Lamadi, mwingine ukaelekea upande wa pili, Maswa, na yeye alikuwa katikati ameshika mikia yote miwili.

Ijumaa Dada Eufrasia alimpokea kwa tabasamu pana. "Kesho asubuhi tunakuja kwenu! Nitakuja na kina mama wa kikundi chetu, na muuguzi Marcelo, na kiti cha magurudumu."

"Ki-kiti?"

"Tumepata kimoja tu. Kilikuwa cha kupewa Joyness, yule mtoto wa Mama Specioza. Lakini mama yake aliposikia habari za Bibi yako alisema, 'Mpeni bibi kwanza. Mgongo wangu bado una nguvu.'"

Milembe alimjua Joyness. Alikuwa msichana wa darasa la pili ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa, na kila siku mama yake alimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi, jua kali au matope. Alitaka kusema, "Dada, msije." Lakini Dada Eufrasia alikuwa ameshaanza kuwafundisha kina mama wimbo wa kufariji wagonjwa.

Jumamosi alfajiri aliamka kabla ya Bibi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kaya ile. Alikuwa na mpango mmoja tu: Bibi asisimame. Alizichukua katambuga za Bibi, vile viatu vyake vya tairi, akazitumbukiza ndani ya kihenge cha mahindi.

"Katambuga zangu ziko wapi?" Bibi aliuliza.

"Labda zimepumzika, Bibi. Na wewe pumzika."

"Tangu lini viatu vikapumzika?" Bibi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Milembe, umevunja nini? Chungu changu cha maziwa?"

"Sijavunja kitu. Mwalimu ametuambia… wazee wapumzike siku ya Jumamosi."

"Mwalimu gani? Yule aliyekupa zawadi?"

"Huyohuyo."

Bibi alifikiri. Mwalimu aliyetambua akili za mjukuu wake hakustahili kuvunjiwa heshima. "Basi nitajinyoosha kidogo. Kidogo tu!"

Jua lilipopanda Milembe alitandika mkeka barazani, akamfunika Bibi blanketi mpaka kidevuni, katika joto ambalo hata mijusi ilikuwa imetafuta kivuli. Na Bibi Kija, ambaye hakuwahi kulala mchana tangu alipoolewa, akapitiwa na usingizi.

Muda si mrefu wageni wakafika. Mbele alikuwa Dada Eufrasia akisukuma kiti kilichong'aa. Nyuma yake walikuwa kina mama waliovaa vitenge vya aina moja, muuguzi Marcelo na mkoba wake, na mwisho kabisa Mama Specioza, Joyness mgongoni.

"Mwangaluka!" walisalimia kwa sauti ya chini, kama watu wanaoingia kwenye msiba.

"Mwangaluka," Milembe aliitikia kwa sauti ya mbu.

Kina mama walimwona bibi mwembamba chini ya blanketi, amefumba macho. Wakatikisa vichwa. Wakaanza kuimba taratibu, wakiyumba, na wengine wakifuta machozi kwa ncha za vitenge.

Bibi alifumbua jicho moja, kisha la pili. "Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, mayu," Dada Eufrasia alimjibu kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tulia, usijichoshe."

Bibi alijitazama mikono, mmoja mmoja. "Mna hakika?"

Marcelo alipiga goti, akaanza kumbonyeza vidole vya mguu. "Bibi, unasikia hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia. Na ukirudia tena, na wewe utasikia."

Marcelo alijikuna kichwa. "Ajabu. Wanasema imepooza, lakini misuli ni ya mcheza ngoma!"

"Imepo… nini?" Bibi aliuliza.

Kabla hajajibiwa, kishindo kilisikika kutoka zizini. Katika pilikapilika zake za asubuhi, Milembe alikuwa amesahau kufunga mlango. Ndama mwekundu alipita katikati ya kina mama, akapiga chafya, akaelekea moja kwa moja kwenye choroko.

"Leo tena!" Bibi alifoka.

Blanketi likaruka upande mmoja, Bibi upande mwingine. Alikipita kiti cha magurudumu kama mwanariadha, akavuka uzio wa miiba bila viatu, akaudaka mkia wa ndama. Ndama akamburuta mpaka mwisho wa shamba, yeye akamrudisha mpaka zizini, akafunga mlango, akajipangusa vumbi.

Ndipo mama mmoja akapaza sauti, "Muujiza!"

"Muujiza!" wote waliitikia. Vigelegele vikafumka. Wengine waliruka, wengine wakakumbatiana. "Wimbo umefanya kazi! Milembe, shuhudia! Wewe ndiye uliyekuwa ukimwona alivyokuwa hawezi. Shuhudia!"

Milembe alisimama pale. Mlango wa kuponyokea ulikuwa umefunguka mbele yake, na hakutakiwa kufanya chochote ila kupita. Angesema, "Ndiyo, nimeshuhudia," na mambo yangeishia hapo. Hakuna ambaye angejua. Alivuta pumzi aseme.

Lakini Mama Specioza alikuwa ameshapiga magoti. Alimshusha Joyness mgongoni polepole, akamlaza kwenye mkeka, palepale alipokuwa Bibi. "Jamani," aliwasihi wenzake, "mwimbieni na huyu. Tafadhali. Mwimbieni na mwanangu kama mlivyomwimbia bibi."

Joyness alivuta blanketi mpaka kidevuni, akafumba macho kwa nguvu, akingoja.

Kina mama walijipanga. Mmoja alisafisha koo kuanzisha wimbo.

"Msiimbe!" Milembe alipiga kelele. Wote wakageuka. "Siyo muujiza. Bibi hajawahi kuumwa miguu. Niliwadanganya. Nilimdanganya dada, na Bibi nikamdanganya, na wote… nisameheni. Kiti ni cha Joyness." Hapo maneno yakaisha, yakaanza machozi.

Mama Specioza alimnyanyua mwanawe, akamkumbatia, na hilo lilimuuma Milembe kuliko fimbo.

Bibi Kija aliweka mikono kiunoni. "Ngoja kwanza. Mimi nimepooza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mguu gani?"

"Yote miwili."

"Yote miwili!" Bibi aliwageukia wageni. "Mmesikia? Hata mmoja hakunibakizia wa kuendea shambani!"

Mama mmoja alijaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani. Wa pili akafuata. Punde wote walikuwa wanacheka wakishikana mabega, na hata Mama Specioza, machozi yakiwa bado usoni, alicheka. Ni Bibi peke yake ambaye hakucheka. Alimsogelea Milembe, akamwinua kidevu.

"Na ile zawadi ya kuongoza darasa?"

"Siongozi, Bibi. Wiki nzima sijaenda shule."

Dada Eufrasia aliketi kwenye mkeka, akamvuta Milembe akae karibu. Safari hii hakulia wala hakukimbilia mfuko wa unga. Aliuliza tu, "Kwa nini?" kisha akangoja.

Milembe akasimulia. Alieleza habari za dawati la nyuma, sisimizi wa ubaoni, punda na nyuki, na mbuzi wa ghalani.

Marcelo, aliyekuwa akifunga mkoba wake, aliuweka chini. "Hebu subiri." Alitembea mpaka zizini, akainua mkono juu. "Milembe, nimeonyesha vidole vingapi?"

Milembe alikaza macho, akakunja uso. "Kwani ni vidole? Nilidhani umeshika jani la mgomba."

"Vitatu!" Bibi alijibu kutoka barazani. Aligutuka, akamtazama mjukuu wake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Lakini huyu hunitungia uzi kwenye sindano!"

"Karibu anaona vizuri," Marcelo alieleza akirudi. "Mbali ndiko asikoona. Huyu si mvivu wala si mjinga. Anahitaji miwani."

Bibi aliketi chini taratibu. "Mjukuu wangu haoni, na mimi namwambia asome mpaka ubongo utoke jasho," alisema kwa sauti ndogo.

Siku hiyohiyo Joyness alikaa kwenye kiti chake. Alizunguka uwanja mara nyingi, akawafukuza kuku, akamfuata ndama mpaka mlangoni pa zizi akimwambia, "Njoo sasa, tushindane!" Milembe alimwendea Mama Specioza, akapiga magoti kumwomba radhi, akaomba aruhusiwe kumsukuma Joyness kila asubuhi kwenda shule. Mama Specioza alimpima kwa macho.

"Utaweza kila siku? Hata siku za matope?"

"Hata siku za matope, mama."

"Haya. Tutaona." Hakutabasamu, lakini Jumatatu asubuhi alikuwa amemwandaa mwanawe mlangoni.

Jumatatu hiyo hiyo Dada Eufrasia na Bibi walikwenda kuzungumza na Mwalimu Ngassa. Mwalimu alisikitika. Alimhamishia Milembe dawati la mbele, akasimama mbele ya darasa na kusema, "Tulimcheka mwenzetu kwa sababu ya macho yake, na mimi nilicheka nanyi. Nimekosa. Kuanzia leo, atakayevuma atabaki baada ya masomo anieleze maisha ya nyuki tangu yai." Uvumaji ulikoma.

Kituo kilimpeleka Milembe kliniki ya macho, na baada ya muda miwani ikapatikana. Alipoivaa mara ya kwanza, alisimama nje ya kliniki akiwa kinywa wazi. Kumbe miti ina jani moja moja hata ukiwa mbali! Kumbe vilima vya ng'ambo ya mji vina mawe! Na darasani aligundua kwamba Mwalimu Ngassa, ambaye siku zote alimdhania amenuna, ana mwanya na hutabasamu anapofundisha.

Mwezi uliofuata kituo cha Mwana wa Wote kiliitisha mkutano wa watoto na wazazi, na Bibi Kija akaombwa aseme neno. Alisimama mbele, akanyoosha kitenge.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua," alianza. "Mjukuu wangu aliumwa macho, akawaambia watu ni miguu, tena ya mtu mwingine. Matokeo yake kituo kizima kilikuja na nyimbo na gari lisilo na injini kutibu miguu mizima, na macho yaliyougua yakabaki vilevile. Watoto, mkituficha panapouma, hata sisi tunaowapenda tutawakanda pasipouma. Na aliye na shida ya kweli atakosa nafasi yake kwa sababu ya shida yenu ya uongo. Semeni kweli, hata kama ni ya aibu. Aibu ya kusema kweli ni ya siku moja."

Kisha akamgeukia Dada Eufrasia. "Na wewe mayu, una moyo mzuri sana. Ila huruma yako ina mbio. Ipe macho kwanza, halafu miguu."

Watu walicheka, na Dada Eufrasia akacheka nao. "Umesema kweli, mayu," alijibu. "Nilileta dawa kabla sijauliza ugonjwa." Akawageukia watoto. "Sasa nauliza. Kuna mwenye jambo linalomsumbua, ambalo hajamwambia mtu?"

Milembe, kwa miwani yake, aliona mpaka safu ya mwisho. Kule nyuma mkono mmoja ulipanda nusu, ukasita, kisha ukapanda wote. Ukafuata mwingine karibu na dirisha.

Dada Eufrasia alivuta kigoda, akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Haya," alisema, "mmoja mmoja. Leo hatuna haraka."